Uzi: Kiingereza cha mdomoni kwa simu tulizo nazo, Kisauni

#1 Mwalimu_Kisauni

Assalam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Juzi kuna ndugu aliuliza humu aweke programu gani kwenye simu ya mdogo wake ili azungumze Kiingereza kabla hajaitwa mahojiano hotelini. Alitajiwa programu chungu nzima. Sikujibu siku ile kwa sababu jibu langu ni refu, nikaona heri nilifungulie uzi wake.

Nafunza jioni, baada ya Isha, katika chumba tulichoazimwa nyuma ya duka la mbao hapa Kisauni, Mombasa. Wanafunzi kwa sasa ni 12. Wawili ni madereva wa tuktuk, mmoja anauza samaki Kongowea, watatu wamemaliza Form Four na bado wako nyumbani, waliobaki wanatafuta kazi za hoteli za Bamburi na Shanzu. Wote wamesoma Kiingereza shuleni miaka na miaka. Ukizungumza nao wanakuelewa, na ukiwapa karatasi wanaandika. Ila mwambie mmoja wao ajieleze kwa dakika moja, utamwona anaangalia sakafu.

Siwalaumu. Tazameni mtihani wenyewe. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, ule mtihani wa Form Four, ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za mazungumzo. Zote hujibiwa kwa kalamu! Mtoto anaandika neno lipi linafanana kwa sauti na lipi, anaandika angesimama vipi mbele ya watu, anaandika angepandisha sauti wapi. Anaweza kuzikusanya zote 30 bila kufungua mdomo.

Na wa umri wangu mtakikumbuka kile kibao cha mbao tulichovishwa shingoni ukisikika umesema Kiswahili uwanjani. Kilikuwa kikipita shingo hadi shingo mpaka jioni, na aliyelala nacho ndiye aliyechapwa. Walidhani kinatufunza Kiingereza. Kilitufunza kunyamaza. Mtu aliyezoea kunyamaza miaka minane hafunguki kwa sababu umemwekea programu yenye nyota na ngazi za kupanda.

Kuna mtafiti wa Kanada aitwaye Merrill Swain aliyewachunguza watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa, lugha isiyozungumzwa nyumbani kwao. Kusikia walisikia vizuri sana, lakini kuzungumza kwao kulibaki na makosa yale yale. Mwaka 1985 akaandika kwamba kusikia peke yake hakutoshi: mtu lazima asukumwe ayatoe maneno mwenyewe, aone mahali yanapomkwama. Niliposoma hayo niliwaona watoto wetu.

Sasa simu inaingia wapi? Darasa haliwezi kumpa mtu mahali pa kukosea bila kutazamwa. Simu inaweza. Hilo ndilo ninaloitumia, na mengine yote nitakayoandika hapa yanatokana nalo. Naendelea chini.

#2 Mwalimu_Kisauni

Kazi ya kwanza kabisa huwa ni dakika moja ya sauti kwa WhatsApp, unitumie mimi peke yangu. Unaeleza asubuhi yako. Hakuna kusoma karatasi. Unaruhusiwa maneno matatu tu, uyaandike kiganjani. Ukimaliza unajisikiliza mwenyewe kabla ya kutuma. Haijakuridhisha? Futa, rudia.

Yule anayeuza samaki alinitumia sauti yake saa sita na nusu za usiku. Sekunde 46. Alikuwa anaeleza jinsi anavyofika sokoni kabla ya alfajiri, anavyochagua changu na tafi, anavyobishana bei na wenye mashua. Kiingereza chake kilikuwa na makosa, lakini kilikuwa kinatembea, kina mwanzo na mwisho. Kesho yake nikamuuliza alirekodi mara ngapi. Akasema mara 14. Pangaboi la chumbani lilikuwa linavuma mno, likizimwa watoto wanaamka kwa joto, basi akaingia kwenye kabati, akajifunika khanga kichwani, akarekodi humo.

Mara 14, jamani. Mama huyu darasani hakuwahi kusema sentensi 14 kwa mwezi mzima. Mimi nilisikia sekunde 46 tu, lakini faida aliipata katika zile 13 alizozifuta.

Kwa wanaojali bando: dakika moja ya sauti ya WhatsApp haifiki hata nusu megabaiti. Video ndiyo inayokula. Na asiye na simu janja nisiwasikie mkisema hawezi. Kabambe, zile simu za vitufe, nyingi zina sehemu ya kurekodi. Mmoja wangu hurekodi kwenye kabambe, akija jioni ananisikilizisha.

#3 TuktukLikoni

Mwalimu shukran kwa uzi. Mimi niko upande wa huku Likoni, natafuta kazi ya kubeba wageni wa hoteli za Diani. Swali langu: nikijirekodi na kujisikiliza mwenyewe, nitajuaje nimekosea? Si nitazoea makosa yangu?

#4 Mwalimu_Kisauni

TuktukLikoni, swali zuri sana, na ni kweli ukibaki peke yako hilo linaweza kukupata. Ndiyo maana lazima awepo wa kufuatisha. Waliosoma chuoni, chuo cha Kurani, wanajua: ustadhi anasoma aya, nawe unafuatisha, tena na tena, mpaka mdomo wako unakaa pale alipouweka yeye. Kiingereza ni hivyo hivyo. Chagua sauti moja, ya mtu anayesema taratibu na wazi. Mimi huwapa wasomaji wa habari wa hapa hapa Kenya, kwa sababu nataka wasikie Kiingereza kinachosemwa na mtu kama wao. Wengine wanapenda vipindi vya BBC Learning English vya dakika sita, vya bure. Ikiwa ni YouTube, punguza spidi mpaka 0.75. Sikiliza sentensi moja, simamisha, irudie kwa sauti yako ukirekodi. Kisha zisikilize mbili, moja baada ya nyingine. Sikio lako litakwambia mengi kuliko unavyofikiri.

Halafu mimi nasahihisha kitu kimoja tu kwa kila ujumbe. Kimoja. Nikikurudishia makosa tisa, hutanitumia sauti ya kumi.

#5 BiMkubwa_Tudor

Mwanangu, mimi nimestaafu ualimu, nimesomesha Kiingereza tangu enzi za ubao mweusi. Nakuunga mkono kwa mengi. Lakini nina dukuduku. Vijana wa siku hizi wanaiga Kiingereza cha puani, cha filamu za Marekani, mpaka huelewi wanasema nini. Hizo simu hazitawafanya waone haya sauti zao wenyewe? Mtu wa Pwani ana haki ya kusikika ni mtu wa Pwani.

#6 Mwalimu_Kisauni

Shikamoo Bi. Nakubaliana nawe kwa moyo wote, na nashukuru umelileta.

Sitaki mwanafunzi wangu asikike ametoka London. Nataka aeleweke. Na atakayemsikiliza, tukisema kweli, mara nyingi si Mwingereza. Hoteli za huku zina Wajerumani, Waitaliano, Wapoland, na kila mmoja naye amekuja na Kiingereza cha kujifunza. Mwaka 2000 mtafiti Jennifer Jenkins alichapisha kazi yake juu ya watu wa aina hii, wasio Waingereza wanaozungumziana kwa Kiingereza. Alitazama ni sauti zipi zikiharibika watu hawaelewani, na zipi zikiharibika hakuna madhara. Urefu wa irabu ulikuwa muhimu. Konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno zilikuwa muhimu. Kuweka mkazo kwenye neno lenye uzito katika sentensi kulikuwa muhimu. Ile th inayowatesa watu dunia nzima haikuwa muhimu kiasi hicho. Na th sisi tunayo, Bi! Mtoto anayesema thamani na dhahabu sawasawa hana haja ya kufundishwa th.

Taabu yetu iko kwingine, na hapa naomba nieleze kidogo kwa sababu ndipo nilipopata ufunguo wa darasa langu.

Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti. Book tumelifanya buku, bank benki, na kwa mtu aliyekulia lugha hii mdomo unaongeza irabu wenyewe. Nilihangaika nalo miezi. Siku moja nikamwambia kijana mmoja aliyehitimu chuoni: "Hiyo k ya mwisho ina sukuni. Usiipe fatha, usiipe kasra, usiipe dhamma." Kwa wasiosoma chuoni: sukuni ni alama ya herufi isiyo na irabu, na hizo tatu ni za a, i na u. Akalisema neno sawa papo hapo. Darasa zima likacheka kwa furaha, wakaanza kutafuta sukuni kila mahali. School: s ina sukuni. Street: s ina sukuni, t ina sukuni, na ya mwisho pia.

Na ship na sheep? Nikawaambia sheep ina madda, ivute, ship haina. Najua ulimi pia haukai mahali pamoja katika maneno hayo mawili, lakini kwa kuanzia madda inatosha. Watoto wa chuoni wamefunzwa tangu wana miaka mitano kupima urefu wa irabu, kwa hesabu ya mbili, nne, sita. Wana masikio ambayo walimu wa lugha wanayatamani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanaweza kuja nayo kwenye Kiingereza.

#7 BiMkubwa_Tudor

Marahaba mwanangu. Sukuni! Miaka yote ile sikulifikiria hilo. Umenifurahisha.

#8 Changamwe_Kwaya

Hii imeingia. Ila Mwalimu, si wote tuliopitia chuoni. Mimi naongoza kwaya ya vijana, wengi Wakamba na Wajaluo waliozaliwa hapa. Hao utawaambia nini?

#9 Mwalimu_Kisauni

Kwaya ni hazina ndugu yangu. Wanne katika darasa langu ni Wakristo, na wao ndio walionisaidia kwenye mkazo. Kiswahili kina mkazo mahali pamoja, silabi ya pili kutoka mwisho: soko, mkazo so, sokoni, mkazo umehamia ko. Kiingereza hakina adabu hiyo. Hotel kinakaza mwisho, photograph kinakaza mwanzo, photographer kinahamia kwa pili. Sisi tunawapiga makofi: kofi kubwa kwenye silabi yenye mkazo, vidole viwili kwenye zilizobaki. Mtu wa kwaya anaishika upesi kwa sababu kwake ni mdundo. Warekodi makofi pamoja na neno, wayarudie njiani.

#10 FundiSimu_MwembeTayari

Mwalimu, mbona unajichosha kusikiliza sauti 12 kila siku? Washa ile maikrofoni ya kibodi ya simu, mtu azungumze, simu iandike. Ikiandika sivyo, amekosea. Kiingereza cha Kenya kimo kwenye orodha ya lugha za Google, nimewawekea wateja wengi.

#11 Mwalimu_Kisauni

Naitumia, tena sana, na nakushukuru umeitaja. Kijana wangu mmoja alikuwa akieleza habari za Ngome Yesu, jinsi Waomani walivyoizingira tangu 1696 hadi 1698. Neno lenyewe ni siege. Yeye aliliona kwenye karatasi akalisoma kwa e, seji. Simu ikamwandikia kwamba sage ndiyo iliyodumu karibu miaka mitatu. Akasema tena, sage. Mara ya tano akaja kwangu ameshika simu: "Mwalimu, hii inaandika nini?" Nikamwambia pana madda hapo, ivute i. Akavuta. Simu ikaandika siege. Furaha ile siwezi kuieleza. Angesahihishwa na mimi angeitikia tu, "ndiyo Mwalimu." Simu ilimfanya atafute.

Lakini usiifanye hakimu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mifumo mitano mikubwa ya aina hii, ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani Weupe ilikosea kama maneno 19 katika kila 100. Kwa Wamarekani Weusi ilikosea 35. Na hao wote Kiingereza ni lugha ya mama yao! Kwa hiyo mwanafunzi wangu akiniambia "simu haikunielewa", namuuliza kwanza: mwenzako alikuelewa? Akielewa, basi simu ndiyo yenye kazi ya kujifunza.

#12 KijanaWaNyali

Na hizi za akili unde? Unazungumza nayo inakujibu kwa sauti, saa yoyote, haichoki.

#13 Mwalimu_Kisauni

Kwa mtu anayejiandaa kwa mahojiano inafaa kumuuliza maswali. Wawili wangu wameitumia hivyo. Kinachonipa wasiwasi ni kwamba inaelewa kila kitu. Ukisema nusu neno inalikamilisha yenyewe na kukusifu. Mgeni wa hoteli hatakukamilishia. Atakunja uso aseme hajaelewa, na pale ndipo lugha inapokua. Pia inakula bando.

#14 MamaPacha

Samahani Mwalimu nikuulize kama mzazi. Binti yangu ana miaka 14. Sauti zake zikikaa kwenye simu ya mtu, nani anajua zitafika wapi? Mimi naogopa.

#15 Mwalimu_Kisauni

Mamangu, una haki ya kuogopa. Nilikuwa nimepanga kulieleza hili mwishoni, acha nilieleze sasa.

Mwanzoni nilikuwa na grupu moja la darasa zima. Kila mtu akituma sauti yake humo, wote tunasikia. Nilidhani itawapa moyo. Kulikuwa na msichana mmoja mkimya sana, na kila wiki alikuwa anaongeza sekunde. Siku moja mtu aliichukua sauti yake akaipeleka grupu la mtaa. Kakosea neno moja, likawa mzaha. Nduguye alipita kwa kinyozi akawakuta vijana wanaicheza kwa spika, wanacheka.

Hakuja darasani tena. Nilikwenda kwao mara mbili. Mara ya pili mamake aliniletea kahawa, tukakaa kimya tu. Lile lilikuwa kosa langu na sijalisahau. Nilimwambia mtu hapa ni mahali pa kukosea bila kutazamwa, kisha nikamwanika mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakuna grupu la sauti. Kila mmoja anatuma kwangu peke yangu. Mwisho wa mwezi nazifuta zote isipokuwa ya kwanza kabisa na ya mwisho, nazo namrudishia mwenyewe. Sauti ikitaka kwenda kwa mtu wa tatu, mwenyewe ndiye anayesema ndiyo, kila mara upya. Na kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi. Hilo hata sheria inalisema: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Mwalimu yeyote, wa shule au wa tuisheni, akirekodi bintiyo bila kukuuliza, mwulize.

Yule msichana bado ananitumia sauti. Kila Ijumaa, dakika mbili. Hazungumzii kilichotokea, nami simuulizi.

#16 MamaPacha

Allah amjalie. Ahsante kwa kuwa mkweli.

#17 Changamwe_Kwaya

Mwalimu, umetaja habari za Ngome Yesu. Hiyo ilikuwa kazi gani?

#18 Mwalimu_Kisauni

Ah, hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote. Kaeni vizuri.

Kujirekodi kunachosha ikiwa msikilizaji ni mimi kila siku. Mtu anahitaji kuzungumza na mtu ambaye kweli hajui anachoambiwa. Mimi asubuhi ya Kongowea naijua. Anayenieleza anafanya mazoezi tu. Kwa hiyo tulitengeneza mwongozo wa sauti wa Mji wa Kale, kwa Kiingereza, vituo sita, wawili wawili kila kituo. Ngome Yesu iliyoanza kujengwa 1593. Msikiti wa Mandhry. Soko la samaki. Mlango mmoja wa nakshi pale Ndia Kuu. Ngazi za Leven. Na muuza kahawa.

Juma la kwanza hawakusema neno la Kiingereza. Walikwenda kuuliza kwa Kiswahili. Waliokwenda kwenye mlango walimkuta fundi seremala mzee akawaeleza saa nzima: kizingiti, nguzo ya kati, misumari ya shaba, nakshi za maua na za minyororo. Wakarudi na sauti ya dakika 50 na hofu usoni. Mwalimu, haya yote tutayasemaje? Kamusi iliwapa neno la kizingiti. Nguzo ya kati hawakupata neno la kuwaridhisha, wakaamua kueleza: kipande cha mbao kilichosimama katikati, ambacho milango miwili hukutana nacho. Hivyo ndivyo mtu anavyozungumza lugha ya pili maishani, akikosa neno anazunguka. Hakuna kitabu kilichowahi kuwafunza kuzunguka.

Kabla ya kurekodi tuliwapitisha kwenye zoezi la 4-3-2, ambalo Paul Nation wa New Zealand amelieneza sana. Unamweleza mwenzako kwa dakika 4, unahamia kwa wa pili unaeleza yale yale kwa dakika 3, kwa wa tatu dakika 2. Saa ya simu inalia, unahama. Mara ya kwanza ni "eeeh" na kukuna kichwa. Mara ya tatu maneno yanatoka yakikimbia kwa sababu hutafuti tena cha kusema, unakisema tu. Zoezi hili halihitaji hata intaneti, na kama ningeambiwa nibaki na moja, ningebaki nalo.

Tulikata sauti kwa Audacity, programu ya bure, kwenye kompyuta moja kuukuu. Katika kituo cha Mandhry adhana ilianza katikati ya sentensi. Wakataka kurudia. Nikawaambia iacheni, mgeni akisimama pale ndicho atakachokisikia.

Sasa wasikilizaji. Mwanafunzi wangu wa zamani anafanya mapokezi kwenye nyumba moja ndogo ya wageni huko Mji wa Kale. Kwa ridhaa ya wenye sauti alikuwa anawapa wageni wasikilize, na anayetaka anarudisha swali kwa sauti. Mama mmoja wa Kijerumani alisikiliza kituo cha kahawa. Vijana wangu walikuwa wamesema, kwa fahari, kwamba mzee huyu huuza bitter coffee. Yule mama akauliza kwa upole: ikiwa ni chungu, kwa nini watu wanainunua?

Mngewaona! Kahawa chungu kwetu ni jina la kitu, hakuna anayefikiria uchungu. Sasa ilibidi wamweleze mtu wa mbali: kwamba haina maziwa wala sukari, ina tangawizi, inatiwa kwenye kikombe kidogo kisichoshika hata kidole, unainywa na tende au kashata, na kwamba mtu haendi pale kwa kahawa peke yake, huenda kusikia habari za mji. Walirekodi mara nne. Ile ya nne waliituma bila kuniuliza mimi. Yule mama akajibu kwamba ameshakwenda, amekunywa vikombe vitatu.

Wale vijana sasa ukiwauliza swali hawaangalii sakafu.

#19 FundiSimu_MwembeTayari

Mwalimu, ungeweka kwenye programu maalumu za shule, zipo nyingi za kurekodi video na kujibizana.

#20 Mwalimu_Kisauni

Zipo, na zinakufa. Flipgrid ilikuwa ndiyo kipenzi cha walimu wa lugha. Microsoft waliinunua 2018, na 2024 programu yenyewe ya kujitegemea ikafungwa. Skype, iliyounganisha madarasa ya nchi na nchi kwa miaka mingi, ilizimwa Mei 2025. Ndiyo maana somo langu nimelijenga juu ya kitufe cha kurekodi. Hicho karibu kila simu inacho.

Na kifaa bila mtu wa kukitumia ni mzigo. Mnakumbuka vile vishikwambi vya serikali vilivyoanza kugawiwa 2016 kwa watoto wa darasa la kwanza? Shule moja ninayoijua vilikaa kabatini, vimefungwa kwa kufuli, ili visiharibike. Watoto wale wamekua, wamehama shule, hawakuvigusa.

#21 TuktukLikoni

Mwalimu, nimerudi. Ni siku tisa tangu niulize lile swali. Nimefanya kila siku kama ulivyosema, nikiwa kwenye foleni ya feri, vioo hakuna lakini nimezoea kelele. Leo nimesimulia kwa dakika moja na nusu abiria aliyesahau mkoba wake kwenye tuktuk yangu, nami nikamfuata mpaka stendi. Nimerekodi mara sita. Naona haya kidogo lakini nimekutumia inboksi.

#22 Mwalimu_Kisauni

Nimeisikiliza mara mbili, ndugu yangu. Nimeuona mkoba, nimemwona na mwenyewe anavyoushika. Nimeelewa kila kitu.

Nakusahihisha kimoja. Umesema asikedi. Neno ni asked, silabi moja tu, s na k na ile ya mwisho zote zina sukuni. Waited ndiyo yenye silabi mbili, na hiyo umeisema vizuri. Rudia sentensi ile ya mkoba peke yake, kesho ukiwa kwenye foleni, unitumie kabla ya Isha.